Karatasi Imeandikwa "Hasi", Mtoto Bado Anakohoa: Namna Maabara Inavyosaka Virusi vya Njia ya Hewa

Mama alirudi dirishani na karatasi mkononi. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa miezi minane, na kila mtoto alipovuta pumzi kifua kilitoa mlio mwembamba kama wa filimbi. "Dokta," aliniita, ingawa mimi si daktari, ni mtu wa maabara, "hapa mmeandika hasi. Sasa kama hana kitu, mbona anakohoa hivi?"

Foleni ilikuwa ndefu. Nikamjibu haraka haraka kwamba hasi maana yake virusi tulivyovipima havikuonekana, arudi kwa daktari aliyemwandikia kipimo. Jibu lilikuwa sahihi na halikumsaidia chochote. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kulieleza jambo hili kwa utulivu, kwa sababu yule mama aliuliza swali ambalo wengi hulimeza wakaondoka nalo.

Mgonjwa anapokuja maabara ana swali moja kubwa: naumwa nini? Kipimo hakina uwezo wa kulijibu. Kinajibu swali dogo: katika ute huu, uliotolewa puani leo, kuna alama ya kirusi fulani au hakuna? Daktari ndiye anayelivusha jibu hilo dogo hadi kwenye swali kubwa, na njiani kuna mengi ya kuuliza. Sampuli ilichukuliwaje, na siku ya ngapi ya ugonjwa? Kipimo kilikuwa kinatafuta nini hasa? Na kirusi kikionekana, je, ndicho kinachomuumiza huyu mgonjwa?

Hodi ni moja, wabishaji ni wengi

Orodha ya virusi vinavyoshika pua, koo na mapafu ni ndefu. Kuna influenza A na B, yale mafua makali yanayomlaza mtu kitandani wiki nzima. Kuna rhinovirusi, wanaoleta mafua ya kawaida. Kuna RSV, ambayo mtu mzima huipita kama mafua mepesi lakini kwa mtoto mchanga inaweza kuziba vijia vidogo vya hewa hadi ashindwe kunyonya. Kuna adenovirusi, kuna parainfluenza, kuna metapneumovirusi iliyogunduliwa Uholanzi mwaka 2001 ingawa ilikuwa imewaambukiza watu miongo mingi kabla ya kupewa jina. Na kuna ukoo wa korona: wanne kati yao wametuletea mafua ya kawaida miaka yote bila mtu kuwataja, kabla ya SARS ya mwaka 2003, MERS ya 2012 na UVIKO-19.

Wote hawa dalili zao zinafanana: kamasi, kikohozi, homa, mwili kuuma. Kwetu ongeza malaria, ambayo nayo huanza na homa na wakati mwingine kikohozi. Mwaka 2008 watafiti walichunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, wakawapima kwa undani kuliko ilivyo kawaida ya kliniki. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yanastahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha daktari. Wenye malaria walikuwa asilimia 10.5. Wenye maambukizi ya njia ya hewa walikuwa asilimia 62.2, na kati ya hao ni asilimia 5 tu walioonekana kwenye eksirei kuwa na nimonia. Kwa jumla, asilimia 70.5 ya watoto wote walikuwa na ugonjwa wa virusi. Antibayotiki haziui virusi. Fikiria basi ni chupa ngapi za dawa hizo wazazi wetu wanabebeshwa kwa kikohozi ambacho hazikigusi, na usugu wa dawa tunaoujenga kwa kila chupa.

Hiyo haimaanishi kila mwenye mafua apimwe. Mtu mzima mwenye mafua ya siku mbili, anayekula na kupumua vizuri, kipimo hakitambadilishia kitu: atakunywa maji, atapumzika, atameza dawa ya kushusha homa, atapona. Kipimo kina thamani pale jibu litakapobadilisha hatua. Mgonjwa dhaifu akipatikana na influenza mapema, dawa kama oseltamivir humsaidia zaidi ikianza ndani ya siku mbili za mwanzo. Mtoto wa wodini akiwa na RSV, anatengwa na kitanda cha jirani mwenye ugonjwa wa moyo. Na mlipuko ukianza kwenye bweni la shule, afya ya jamii inahitaji kujua ni mlipuko wa nini.

Kila kitu huanzia kwenye kijiti

Kosa kubwa mara nyingi hutokea kabla sampuli haijafika kwenye meza yangu. Virusi hivi huzaliana ndani ya seli zilizotanda ukuta wa nyuma wa pua, pale pua inapokutana na koo. Kijiti kikiishia kwenye tundu la pua kinachota kamasi, na seli zinabaki nyuma. Ndiyo maana mpimaji aliyefundishwa hukiingiza kwa mwelekeo wa sikio, si wa jicho, kikifuata sakafu ya pua hadi karibu nusu ya umbali kati ya tundu la pua na sikio. Hapo anakizungusha polepole na kukiacha sekunde chache kinyonye. Machozi hutoka yenyewe. Vipo vipimo vilivyoundwa kwa kijiti cha pua ya mbele, na hivyo vina maelekezo yake, lakini kama fomu inadai sampuli ya nyuma ya pua na mgonjwa anatoka akisema hakuhisi chochote, mimi huwa na wasiwasi na jibu la hasi litakalofuata.

Kijiti chenyewe si kile cha kusafishia masikio. Ncha yake ni ya nailoni au poliesta, mpini wake ni wa plastiki. Mpini wa mti una kemikali zinazoweza kuzuia kipimo cha PCR, kile kinachonakili kipande cha kirusi hadi kionekane, kufanya kazi, kwa hiyo kirusi kinaweza kuwepo na mashine isikione. Baada ya hapo kijiti huvunjwa kwenye kichupa chenye majimaji, mara nyingi ya rangi ya waridi, yaliyotiwa chumvi, protini na dawa za kuzuia bakteria na ukungu. Kichupa kinakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kisipitishe saa 72. Zaidi ya hapo kinahitaji friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Kila anayefanya kazi zahanati ya mbali anajua maana yake: kisanduku cha barafu, pikipiki, barabara ya matope, na siku ya Ijumaa ambayo gari la sampuli halikuja.

Siku nayo ina neno lake. Influenza hujaa puani siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua. Mtu anayekuja siku ya nane anaweza kupata hasi ya kweli kuhusu pua yake na ya uongo kuhusu ugonjwa wake. Kwa UVIKO-19 tuliona kirusi kikiteremka mapafuni, pua ikawa safi huku makohozi yakitoa chanya.

Mayai, damu ya kuku na figo la tumbili

Kirusi cha influenza kina upana wa karibu nanomita 100. Panga 10,000 mstari mmoja, upate milimita moja. Hadubini ya kawaida haikioni, kwa hiyo kwa muda mrefu watu walikijua kwa madhara yake tu.

Mwaka 1933, jijini London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji waliyosukutua wagonjwa wa mafua makali, wakayachuja hadi bakteria wote wakabaki kwenye chujio, wakayadondoshea puani fereti, mnyama mdogo wa jamii ya vicheche. Wanyama wakaugua. Kilichopita kwenye chujio ndicho kilichokuwa kirusi cha influenza ya binadamu, kikipatikana maabara kwa mara ya kwanza. Baadaye watafiti wakahamia kwenye mayai ya kuku yenye kifaranga ndani, na mwaka 1941 Mmarekani George Hirst akaona jambo ambalo hadi leo linanipendeza kila ninaposimama mbele ya sahani yenye vishimo. Ukichanganya chembe nyekundu za damu ya kuku na majimaji yasiyo na kirusi, chembe zinateleza hadi chini na kujikusanya kuwa kitone kimoja chekundu, kama jicho la ndege. Kukiwa na influenza, kirusi kinazishika chembe na kuziunganisha, zinatanda kishimo chote kama utando wa rangi ya waridi usio na kitone. Hakuna mashine wala umeme. Unatazama kwa macho yako na unajua.

Kisha zikaja seli zinazooteshwa kwenye chupa. John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins walionyesha mwaka 1949 kwamba kirusi cha polio kinaweza kukuzwa kwenye seli za binadamu zisizo za neva, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954. Mwaka 1962 huko Chiba, Japani, seli zilitolewa kwenye figo la nyani wa Afrika wa jamii ya tumbili wetu, zikaitwa Vero, kifupi cha maneno ya Kiesperanto yenye maana ya "figo la kijani". Seli hizo bado zinakua maabara za dunia nzima. Kila kirusi huziharibu kwa namna yake. RSV, kwa mfano, huzifanya seli jirani ziyeyuke kuta na kuungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, na neno "syncytial" katika jina lake refu, respiratory syncytial virus, limetokana na tabia hiyo.

Siwezi kupita hapa bila kumtaja June Almeida. Alizaliwa Glasgow, akaacha shule akiwa na miaka 16, akaanza kazi kama fundi wa maabara ya hospitali. Miaka ya 1960, kwenye hadubini ya elektroni ya hospitali ya St Thomas' jijini London, alitazama sampuli ya mafua iliyowashinda wengine akaona vijidude vya duara vilivyozungukwa na miiba kama taji. Kwa Kilatini taji ni korona. Neno hilo tulilolitamka kwa hofu kuanzia mwaka 2020 lilitokana na jicho la fundi wa maabara.

Kukuza kirusi kuna nguvu moja ambayo hakuna kipimo kingine kimeipata: kinachoonekana kiko hai. Ndiyo maana vituo vya influenza bado vinakuza virusi, ili wataalamu wanaokutana kila Februari na Septemba chini ya Shirika la Afya Duniani wachague aina za kuwekwa kwenye chanjo ijayo. Udhaifu wake ni muda. Siku tatu ni haraka, wiki mbili ni kawaida. Kwa mtoto aliyelazwa, jibu linafika akiwa amepona au amezikwa.

PCR: kunakili hadi kionekane

Virusi vingi vya njia ya hewa hubeba maagizo yao kwenye uzi wa RNA. Uzi wa kirusi cha UVIKO-19 una herufi karibu 30,000, zote za aina nne tu. Ndani yake kuna vipande ambavyo havipatikani kwa kiumbe mwingine. PCR inatafuta kipande kimoja cha namna hiyo na, ikikipata, inakinakili.

Kwanza RNA inasafishwa kutoka kwenye ute. Kisha inageuzwa kuwa DNA kwa kimeng'enya ambacho Howard Temin na David Baltimore walikieleza mwaka 1970, kila mmoja kwa njia yake. Halafu inaanza ngoma ya joto na baridi. Kwenye nyuzi 95 nyuzi mbili za DNA zinaachana. Joto likishuka hadi karibu 60, vipande vifupi tulivyotengeneza, tunaviita vianzio, vinanata pale tu herufi zinapolingana. Kimeng'enya kinajenga uzi mpya kuanzia hapo. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, vinne vinane. Baada ya mizunguko 30, nakala moja imezidi bilioni moja. Wazo hili lilimjia Kary Mullis mwaka 1983. Ila vimeng'enya vya kawaida hufa kwenye joto la nyuzi 95, kwa hiyo kazi haikuwa nyepesi hadi kilipotumika kimeng'enya cha bakteria aliyepatikana miaka ya 1960 kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Bakteria hao wamezoea kuishi kwenye maji ya moto sana.

Ndani ya mirija kuna pia kipande chenye rangi inayowaka kila nakala inapotengenezwa. Mashine inahesabu mwanga. Kwenye skrini unaona mstari umelala chini, mzunguko wa 10, wa 15, wa 20, kisha ghafla unapinda kwenda juu. Namba ya mzunguko ule uliopinda huitwa Ct. Nasisitiza jambo hili kwa sababu limeleta ugomvi mwingi: Ct ndogo maana yake kirusi ni kingi. Sampuli ya Ct 18 na ya Ct 33 zote zinaandikwa "chanya" kwenye karatasi, lakini kati yao kuna mizunguko 15, yaani tofauti ya zaidi ya mara 32,000.

Unyeti huo mkubwa ndio fahari ya PCR na ndio mtego wake. Inaona kipande cha RNA. Haiulizi kama kipande hicho kimo ndani ya kirusi hai au ni mabaki ya vita vilivyokwisha. Mwanzoni mwa mwaka 2020 watu waliopona walikaa karantini wiki baada ya wiki wakisubiri hasi mbili, hadi Mei mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilipobadili mwongozo na kuanza kuhesabu siku tangu dalili zianze badala ya kuwasubirisha kipimo. Nawafahamu waliopoteza vibarua kwa sababu ya Ct 37.

Vianzio navyo vinategemea kirusi kisibadilike pale vinaponata. Mwishoni mwa 2020 kipimo kimoja cha UVIKO-19 kinachotafuta vipande vitatu kilianza kukosa kimoja kwa wagonjwa wengi nchini Uingereza. Aina mpya ya kirusi, iliyokuja kuitwa Alpha, ilikuwa imepoteza herufi chache mahali pale. Vipande viwili vilivyobaki vilitosha kutoa jibu, na lile pengo lenyewe likawa alama ya kumfuatilia Alpha, kisha Omicron Afrika Kusini mwezi Novemba 2021. Ndiyo sababu kipimo kizuri hakitegemei kipande kimoja.

Kasi ya kuunda PCR mpya ni ya ajabu. Herufi za kirusi cha Wuhan ziliwekwa hadharani tarehe 10 na 11 Januari 2020. Tarehe 13, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaweka mtandaoni maelekezo ya kipimo yaliyoandaliwa na timu ya Christian Drosten wa hospitali ya Charité, Berlin, watu ambao hawakuwa na kirusi chenyewe mkononi. Kipimo kufika kwa mtu, hilo lilikuwa jambo jingine. Mei mwaka ule madereva wa malori walilala siku kadhaa kwenye mipaka ya Namanga na Malaba wakingoja majibu yatoke. Mashine za GeneXpert, zilizokuwa zimesambazwa kwa ajili ya kifua kikuu, ziliokoa hali sehemu nyingi: sampuli inamiminwa kwenye kikasha, kikasha kinaingizwa kwenye mashine, na chini ya saa moja jibu liko mezani.

Papai

Tarehe 3 Mei 2020, Rais John Magufuli alisema akiwa Chato kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilirudi na jibu la chanya. Hadi leo nikitaja PCR, kuna atakayenijibu kwa neno moja: papai. Anastahili kuelezwa kwa heshima.

Kupeleka sampuli ya siri ili kukagua maabara ni mbinu halali, sisi wenyewe tunaitumia. Chanya isiyotarajiwa inafungua uchunguzi, na uchunguzi huo una maswali yake. La kwanza ni kuhusu mirija ya ulinzi. Kila mara tunapowasha mashine tunaweka mrija wenye maji matupu, ambao lazima utoke hasi, na mrija wenye kirusi tunachokijua, ambao lazima utoke chanya. Mrija wa maji ukiwaka, sahani nzima inatupwa, kwa sababu kuna uchafuzi: tone lililoruka, glavu isiyobadilishwa, nakala za jana zilizobaki hewani. Ndiyo maana maabara ya PCR hugawanywa vyumba, na anayetoka chumba cha nakala harudi chumba cha sampuli kwa koti lile lile.

Swali la pili ni jeni la binadamu. Vipimo vingi vya virusi vya njia ya hewa hutafuta pia jeni letu sisi, mara nyingi lile la RNase P, ili kuhakikisha kijiti kiligusa seli za mtu. Kirusi kisipoonekana na jeni hilo lisipoonekana, jibu ni "batili", rudia sampuli. Swali la tatu ni mchoro wenyewe: mstari ulipinda mzunguko wa ngapi, na ulipinda kwa umbo la kweli au ulijikongoja mwishoni? Na sampuli ikipimwa upya kwa vianzio vya sehemu nyingine ya kirusi, inajibu nini? Kwa maswali hayo unapata mahali kosa lilipo, kwa mpimaji, kwa kitendanishi (kemikali ya kupimia), kwa lebo au kwa aliyechukua sampuli. Bila hayo, neno "chanya" peke yake halikupeleki popote.

Mistari miwili

Kipimo cha haraka hakinakili kitu. Kinatafuta antijeni, protini ya kirusi yenyewe. Ndani ya kile kidude cha plastiki kuna ukanda wa karatasi. Matone ya sampuli yanapopanda ukanda yanakutana na kingamwili zilizobandikwa chembe ndogo sana, mara nyingi za dhahabu, na zikiwa pamoja rangi yake huonekana nyekundu. Protini ya kirusi ikiwepo, inazishika chembe hizo na kusafiri nazo hadi mstari wa T, ambapo kingamwili nyingine inazinasa. Mstari unatokea. Chembe zilizobaki zinanaswa kwenye C, kuonyesha tu kwamba majimaji yalifika. C isipotokea, tupa, hata kama T imekolea. Na ukisoma baada ya muda ulioandikwa kupita, unaweza kuona kivuli cha T ambacho hakikuwepo.

Kwa kuwa hakinakili, kinahitaji kirusi kingi. Kwa UVIKO-19 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini: kione angalau asilimia 80 ya walioambukizwa, na kiwaache salama angalau asilimia 97 ya wasio nacho. Tufanye hesabu kwa kipimo hicho hicho mahali pawili. Ugonjwa umepamba moto, kati ya watu 1,000 wanaokuja wakikohoa 300 wanao. Kipimo kitawaona 240, na kati ya 700 wasio nao kitawasingizia 21. Aliyepata chanya ni karibu hakika anao. Ila 60 wanarudi nyumbani na hasi ya uongo. Sasa nenda mahali ugonjwa umeisha, 10 tu kati ya 1,000 wanao. Kitawaona 8, na kati ya 990 wazima kitawasingizia karibu 30. Chanya 38, za kweli 8. Kipimo hakikubadilika hata chembe, na maana ya mstari ule mwekundu imegeuka. Kila ninapomaliza hesabu hii kwa wanafunzi wa mazoezi, kuna mmoja atakayeiandika upya kuhakikisha sikukosea.

Kipimo cha kingamwili za damu nitakipita haraka, kwa sababu mgonjwa wa leo hakimfai. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzitengeneza. Kinafaa kuhesabu yaliyopita: watafiti wa Kilifi walipima damu ya wachangiaji 3,098 wa Kenya kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020, wakakadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu wa rika lao walikuwa wameshakutana na kirusi, Mombasa 8.0 na Nairobi 7.3. Ilikuwa mara nyingi zaidi ya idadi iliyotangazwa kila jioni.

Kimeonekana. Ndicho?

Swali gumu kuliko yote linabaki hata kipimo kikiwa kamili. Utafiti wa PERCH, uliofanywa nchi saba zikiwemo Kenya kupitia Kilifi, Zambia na Afrika Kusini, uliwachukua watoto waliolazwa kwa nimonia kali na, jambo la busara sana, watoto wengine wasio na nimonia kutoka mitaa ile ile. Wote wakapimwa puani kwa vipimo vile vile. Rhinovirusi walipatikana kwa wagonjwa, na walipatikana karibu sawa kwa watoto waliokuwa nyumbani wakicheza. RSV ilikuwa tofauti kabisa: ilijaa kwa wagonjwa na ilikuwa adimu kwa wengine. Baada ya kupima uzito wa kila kirusi kwa namna hiyo, matokeo ya mwaka 2019 yalikadiria kwamba kwa watoto wasio na VVU ambao eksirei ilithibitisha nimonia, virusi vilisababisha asilimia 61.4 ya nimonia kali, bakteria asilimia 27.3, na RSV peke yake asilimia 31.1.

Hapo ndipo ninaporudi dirishani. Kipimo alichoandikiwa yule mtoto kilikuwa cha haraka, na kilitafuta influenza A, influenza B na korona. RSV haikuwemo. Mtoto wa miezi minane mwenye kifua kinachopiga filimbi alikuwa amepata hasi ya virusi vitatu, na kile kilichokuwa kikishukiwa kuliko vyote hakikuulizwa. Nilipaswa kumwambia hivyo: mama, hatujasema hana kitu, tumesema hana hivi vitatu.

Muuguzi aliyekuwa akipita alimsikia akiuliza. Alimwomba amteremshe mtoto, akafungua vifungo vya shati, akatazama saa yake na kuhesabu kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, bila kusema neno. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 kwa dakika au zaidi ni za kasi. Alihesabu 58, na chini ya mbavu ngozi ilikuwa ikibonyea ndani kila pumzi. Akambeba mwenyewe kwenda wodini.

Nilichukua sampuli ya pili kitandani, nikaipeleka kwa PCR. Jibu lilitoka keshokutwa yake: RSV, Ct 19. Nilipolifikisha wodini mtoto alikuwa ameshaondolewa oksijeni, amelala kifuani kwa mama yake, ananyonya.